Waya wa Freni na Shingo ya Mbao

Nakumbuka asubuhi moja huko Lusangi, mwanangu, nilipokuwa na umri wako na dada yangu Furaha anaolewa. Uzi mnene wa gita letu la besi ulikatika wakwe wakiwa wameshafika kwenye lango la ua.

Kwetu wakwe hawaingii mpaka wapigiwe muziki. Ukikawia, wanaona wamedharauliwa, na waliodharauliwa hurudi na mahari yao.

Gita lenyewe ndilo hili unaloniuliza ulifungie nyuzi gani. Shingo yake ni mbao tupu, haina vile vyuma vya kugawa sauti. Uzi unalala juu ya mti wenyewe. Aliichonga mzee Kalonda, fundi wa kwaya yetu, na wakati ule macho yake yalikuwa yamekwisha. Asingeweza kuchonga nyingine.

Musafiri, mpiga ngoma wetu, akaja mbio na waya wa freni ya pikipiki. Wapigaji wengi wa kwetu Kasongo walifunga waya kama huo badala ya uzi.

"Funga hii. Iko nguvu, haitakatika mpaka Yesu anarudi."

Nikaanza kuufunga. Nje, shangazi wa bwana harusi akapaza sauti: "Mutatuingiza, ama turudi kwetu Wamaza? Jua haina mukwe, inatuchoma."

Mzee Kalonda akanishika mkono. Akauchukua ule waya, akausugua kwenye ukucha wake, kisha akanimwagia kiganjani unga mweupe wa ukucha huo.

"Ukucha itaota, mwana. Ile mbao haioti."

"Na dada yangu, baba?"

"Legeza uzi wenye kufuata. Tafuta sauti ya chini pale."

Nikalegeza. Nikaanza kupiga. Sauti ilitetema, ikateleza, na watu wawili wa upande wa bwana harusi walikuwa wameshageuka kuondoka.

"Besi yenu iko na kikohozi," akasema shangazi. Lakini mabega yake yalikuwa yameanza kucheza. Waliogeuka wakamtazama, wakarudi, wakaingia nyuma yake.

Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Basi, mwanangu, uzi unaokwaruza, hata ukilia vizuri namna gani, mwachie muuzaji. Chukua ulio bapa, laini kwenye kidole, ingawa sauti yake ni ya upole. Na katika mengine ya maisha, kabla hujauliza kitu kina nguvu kiasi gani, uliza kitalala juu ya nini.

Mungu akupe mkono mwepesi, na vitu utakavyovigusa viwafikie wajukuu wako vikiwa vizima.