Picha Isiyo na Machozi

Wanafunzi walimwita Mwalimu Sindano, na si kwa sababu ya kushona. Kwa miaka kumi na tisa alifundisha darasa la nne katika shule yenye madirisha yaliyozibwa kwa mabati, na hakuna mgeni aliyefika pale na kamera akaondoka bila kuchomwa na ulimi wake.

Mwaka ule shule ikaalikwa kwenye tamasha la sanaa la watoto. Mwalimu mkuu alifurahi kama aliyechumbiwa. "Peleka kumi na wawili," akamwambia. "Ila wasipendezeshwe sana. Waandaaji wameomba waje kama walivyo."

Sindano akamtazama juu hadi chini. "Basi watakuja wameoga, maana ndivyo walivyo."

Ukumbini walikalishwa nyuma kabisa, karibu na vyoo, chini ya bango lililoandikwa "Watoto Wetu wa Mazingira Magumu". Meza za mbele, za shule za kulipia, zilijaa rangi za maji. Watoto wa Sindano wakapewa kalamu za nta zilizokatikakatika. Mratibu, mama mwenye miwani kichwani na sauti ya kubembeleza wagonjwa, akapita akiinamia kila mchoro, hadi kwa msichana waliyemwita Kipengo kwa sababu ya jino lililong'oka. Kipengo alikuwa amemchora shangazi yake, msusi, akicheka huku kitana kimenasa kwenye nywele za mteja.

"Nzuri, mwanangu," mratibu akasema. "Lakini nyumbani mna shida nyingi, au siyo? Hebu muongezee machozi."

"Shangazi halii," Kipengo akajibu. "Anayelia ni mteja."

Mratibu akamgeukia Sindano. "Mwalimu, msaidie mtoto aseme ukweli wake."

"Ameshausema. Wewe ndiye uliyekuja na wako mkobani."

Zawadi ya kwanza ilikwenda meza ya mbele, kwa mtoto aliyechora maskini akilia kando ya jalala. Majaji walifuta macho. Mgeni rasmi akasema picha ile imemgusa moyo, ingawa moyo wenyewe haukumfikisha meza za nyuma hata kusalimia.

Kisha mratibu akaja na mpiga picha. "Wajipange hapa. Wasicheke sana."

"Kusanyeni michoro yenu," Sindano akawaambia watoto. "Tunaondoka."

"Mwalimu, michoro ni mali ya tamasha!"

"Jichoreeni wenyewe. Machozi mnayaweza kuliko sisi."

Jumatatu ikafika barua ya malalamiko, kurasa mbili nzima. Mwalimu mkuu akampiga marufuku safari zote za nje; Sindano akaipokea adhabu ile kama likizo.

Lakini kwa dada yake alikiri kilichomkera kuliko yote. Mpiga picha alipoinua kamera, kabla mratibu hajasema neno, wawili kati ya wanafunzi wake walikuwa wameshainamisha vichwa na kukunja nyuso.

"Hawakufundishwa na mimi," alisema. "Na walifanya vizuri sana."