Gari Lililoswagwa

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na wafanyabiashara wa Sumbawanga walipoanza kuleta magari ya mitumba, leseni ya udereva ya Leonidas ndiyo iliyokuwa shamba lake. Hakuwa na jingine.

Alasiri moja, akitoka Namanyere na pikapu ya tajiri wake, injini ilizimika njiani. Akingoja msaada, wenyeji walimkaribisha mrija kwenye chungu cha kimpumu, pombe yao ya ulezi. Jua lilipoinama akaja Mboje, mfugaji aliyehamia kutoka Usukuma, akafunga maksai wanne mbele ya pikapu kwa mnyororo.

"Panda, bwana Leo. Leo wewe abiria."

Leonidas akashika usukani. Gari likateleza kimya katikati ya nyasi ndefu, ukungu ukipanda kutoka mabondeni, kwato zikidunda polepole kama mvua isiyo na haraka ya kunyesha. Alijiona anaelea. Hata alipokanyaga breki mteremkoni, mguu ulitenda kama si wake.

Kwenye kizuizi, askari alimnusa.

"Unaendesha umelewa."

"Siendeshi, afande. Naswagwa."

Askari alicheka, halafu akamkamata.

Mahakamani Leonidas alishikilia neno lile lile. Gari huendeshwa, ng'ombe huswagwa. Injini ilikuwa imekufa na fimbo alikuwa nayo Mboje. Hakimu alionekana kuvutika. Akamwita Mboje, shahidi wa utetezi.

"Maksai walimsikiliza nani?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Na mshtakiwa alifanya nini?"

Mboje alikuwa na deni la shukrani kwa Leonidas, na hapa ndipo walipokutana tena tangu siku ile.

"Mteremkoni gari lilitaka kuwalalia ng'ombe wangu. Huyu akakanyaga breki, akakata kona. Wote wazima. Asante sana, bwana Leo."

Watu wakacheka. Leonidas akainamisha kichwa. Hakimu akasema kuendesha hakumo kwenye injini: anayeweza kuligeuza gari na kulisimamisha, huyo ndiye dereva. Leseni ikafungiwa mwaka mzima.

Msimu wa kulima ulipofika, waliopita kwa basi walimwona Leonidas ndani ya ukungu, akilima nyuma ya maksai wale wale wa Mboje.

"Dereva, leseni iko wapi?" mmoja akapaza sauti dirishani.

"Hawa hawaulizi," alijibu.

Maksai walipofika ukingoni mwa shamba, mguu wake wa kulia ulikandamiza udongo, ukitafuta breki.