Mikono Thelathini na Miwili ya Kushoto

Siku niliyomwona Ngendo kwa mara ya kwanza ilikuwa Jumatatu ya Januari, mwaka wa 1983. Alipanda ngazi za veranda ya duka la vitambaa la Vallabhdas, hapa Nyeri, kichwa cha cherehani kimefungwa mgongoni mwake kwa kamba kama mzigo wa kuni. Nyuma yake mwanamume mmoja alibeba meza ya chuma. Ngendo alipanga vyote, akaketi, akakanyaga. Cherehani haikuzunguka. Mkanda wake ulikuwa umebaki ndani ya basi lililomleta kutoka Endarasha, na basi lilikuwa limeshaondoka.

Mimi nilikuwa kwenye kona yangu na pasi ya makaa, nikinyoosha kazi za mafundi wa veranda ile. Nilidhani atalia, kwa maana ilikuwa siku yake ya kwanza. Badala yake aliokota vipande vya kitambaa chini ya meza, akavisuka kamba nyembamba, akaizungusha kwenye gurudumu. Kabla ya saa nne alikuwa anashona. Kufikia saa tano alikuwa ameanza nguo nne za watu wanne tofauti, na alikuwa ameshamwambia kila mtu pale verandani habari za ng'ombe wake, za mume wake aliyefariki na za binti yake Murugi aliyekuwa darasa la sita.

Jioni hakuna nguo hata moja kati ya zile nne iliyokuwa imekwisha.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakuna fundi aliyemshinda kwa mkono. Angeweza kukutazama ukipanda ngazi akajua kiuno chako bila kushika futi. Lakini angeanza kola, aone uzi unakaribia kwisha, ainuke kwenda kuchukua uzi dukani, akute mteja anachagua kitambaa, amsaidie kuchagua, amsindikize hadi barabarani, na arudi bila uzi. Mkasi wake tuliutafuta kila siku. Chaki alinunua nyingi kuliko mwalimu. Hata akiwa ameketi, goti lake moja lilikuwa linacheza.

Kahiga, fundi wa suruali aliyekaa karibu naye, alikuwa na maneno.

"Mama Murugi, leo umeanza ngapi?"

"Saba."

"Na umemaliza ngapi?"

"Wewe ni fundi ama ni karani?"

Tulicheka, naye alicheka zaidi yetu. Lakini niliwahi kumwona nyuma ya duka, kwenye bomba la maji, akijipiga paji la uso kwa kiganja na kusema polepole, "Ngendo, wewe uko na shida gani?" Hakujua nipo. Watu wengi hawakujua nikiwapo.

Mimi nami nilikuwa na aibu yangu. Nilichoma nguo. Si kwamba sikuijua kazi. Nilikuwa naweka pasi juu ya kitambaa, natazama moshi wa makaa ukipanda, na akili inaondoka bila kuniaga. Nilikuwa narudishwa na harufu. Mama Kanchan, mke wa Vallabhdas, ambaye ndiye aliyesimamia mafundi, alikuwa amenivumilia kwa sababu sikuwa na kelele. "Mutahi mtu pole," alisema. "Pole sana mpaka nguo naungua."

Ngendo ndiye aliyeanza kuniita. Katikati ya mshono, bila kuinua kichwa, alisema, "Mutahi, pasi," nami nikashtuka na kuiinua. Sijui alijuaje. Labda mtu ambaye akili yake haitulii husikia ya mwenzake ikitoka.

Januari ya mwaka wa 1986 yakatokea mashati. Shule moja ilikuwa imeagiza mashati kumi na sita ya sare, ya kitambaa chenye upande wa kung'aa na upande usiong'aa. Anayekata mikono ya shati hukunja kitambaa mara mbili, uso kwa uso, ili mkasi ukate wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Kila fundi anajua hilo. Ngendo alitandaza kitambaa, akaitwa na muuza ndizi, akajibu, akarudi, akakata bila kukunja. Alipomaliza, juu ya meza kulikuwa na mikono thelathini na miwili, na yote ilikuwa ya kushoto.

Kahiga hakutania siku hiyo. Mama Kanchan alitoka, akaishika mmoja mmoja, akaiweka chini.

"Mimi nataka wewe, Ngendo," alisema. "Lakini Vallabhdas nasema basi. Iko kazi moja tu. Ile mama ya kanisa, magauni ishirini na mbili. Kama Jumapili ya pili ya mwezi ya tatu iko tayari, yote sawasawa, wewe nakaa. Kama hapana, nabeba cherehani yako."

Magauni hayo yalikuwa ya wanawake waliokuwa wakiingizwa kwenye chama cha akina mama wa kanisa. Ni siku ambayo mwanamke wa kwetu huingojea mwaka mzima. Wote hutembea kwa mstari kutoka barabarani hadi madhabahuni, gauni la buluu, kola nyeupe, na upindo wa mmoja hautakiwi kupita wa mwenzake. Mwenyekiti wao, Kabura, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Aliposikia ni nani atakayeshona, alimtazama Ngendo tangu kichwa hadi miguu na kumwuliza, "Na mikono itakuwa ya pande mbili?"

Veranda ile ndiyo iliyomlipia Murugi shule. Ngendo hakuwa na pengine pa kuweka cherehani.

Wiki hiyohiyo alikuja daktari wa kike, Waithira, aliyekuwa amehamishiwa mji wetu. Alitaka koti lake la kazi litiwe mfuko. Alikaa kwenye benchi kungoja, na aliyoyaona ni haya ninayoyaeleza: Ngendo alianza mfuko, akaacha, akatafuta mkasi uliokuwa mapajani mwake, akaeleza habari za mikono thelathini na miwili huku akicheka na machozi yakimtoka, kisha akashona mfuko ule kwa dakika tatu, safi kabisa, upande wa ndani wa koti.

Daktari hakukasirika. Aliuliza, "Ulikuwa hivi ukiwa mtoto?"

"Mwalimu alinifunga kwenye dawati kwa leso, daktari."

"Na nyumbani pia? Na shambani?"

"Mama yangu alisema akinituma maji narudi na kuni."

Daktari alisema hawezi kumpima mtu verandani, aende kliniki Alhamisi. Alhamisi ikaja, Ngendo akasahau. Ijumaa daktari akapita mwenyewe kuchukua koti, lililokuwa limebaki kurekebishwa mfuko, na kusema kusahau kule kumejibu swali lake la kwanza. Tuliketi nyuma ya duka. Nasema tuliketi kwa sababu Ngendo alinishika mkono akasema, "Huyu pia. Muulize huyu."

Daktari alinitazama. "Lakini wewe umetulia."

"Ametulia nje," Ngendo alisema. "Ndani hayuko. Mimi namrudisha mara kumi kwa siku."

Basi daktari akaniuliza nami. Nilimwambia yale ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Shuleni Tetu sikuwahi kuchapwa kwa fujo. Nilikaa kimya, nikitazama dirisha, na somo lilipokwisha sikuwa na hata neno moja. Walimu waliwaona waliosumbua. Mimi hawakuniona hadi mtihani wa darasa la saba, na hapo ulikuwa mwisho.

Alitueleza kwa lugha nyepesi. Kuna watu wanaozaliwa na akili isiyokaa mahali inapowekwa. Mmoja, akili inakimbia na miguu inakimbia nayo. Huyo anaonekana na kila mtu na anaitwa mkaidi. Mwingine mwili umeketi lakini akili imesafiri. Huyo anaitwa mzito au mvivu. Wapo pia wanaobeba yote mawili. Zamani madaktari walidhani ni jambo la watoto tu, litakwisha wakikua. Sasa walikuwa wanaanza kujua kwamba wengi wanazeeka nalo bila kulijua jina. Akatuonya pia: si kila anayesahau mkasi yuko hivyo. Ni lazima liwe limeanza utotoni, lifuate mtu kila mahali na limharibie maisha.

Ngendo alikuwa ameacha kuchezesha goti. "Kwa hivyo si uvivu," alisema.

"Si uvivu. Wala si laana."

"Ati miaka thelathini na nane." Akamsogelea daktari. "Dawa iko?"

"Dawa ya kukupa leo, hapa, sina. Lakini usiiachie akili yako kazi ya kukumbuka. Kazi uiweke mbele ya macho, na macho yaone moja tu."

Hapo ndipo tulipotengeneza mpango wetu. Ngendo alikata magauni yote ishirini na mawili siku moja, nami nimesimama mbele yake kwa kazi moja tu: kila alipotandaza kitambaa cha mikono, nilikigusa kuona kama kimekunjwa. Mara mbili hakikuwa kimekunjwa. Kisha vipande vyote tukavifungia ndani ya sanduku la mbao, ufunguo nikauvaa shingoni. Nilimpa gauni moja. Hakupata la pili mpaka la kwanza lirudi kwangu limekwisha, hadi upindo. Mkasi tuliufunga kiunoni mwake kwa utepe. Nami, kila alipomaliza mshono mmoja, alisema, "Pasi," hata kama pasi ilikuwa salama.

Siku mbili za kwanza alinitukana.

"Mutahi, nipe hata kola tu ya lile lingine."

"Maliza hili."

"Wewe umekuwa askari jela?"

"Maliza, Mama Murugi."

Kahiga alitutazama juu ya miwani. "Kipofu na kiwete wamepata gari," alisema. Lakini magauni yalianza kutundikwa kwenye waya, moja, matatu, manane, na nilikuwa sijachoma hata moja.

Ijumaa ya mwisho tulikuwa tumefika kumi na saba. La kumi na nane lilikuwa chini ya sindano uzi mweupe ulipokwisha, na dukani haukuwapo. Ngendo alitoka kwenda kuununua kwenye duka la Ambalal, mtaa wa pili. Saa moja ikapita. Nikangoja. Kahiga alisema, "Huyo amefika Endarasha."

Sikuwa mtu wa kutembea mjini nikiuliza watu. Lakini niliutazama ule waya, nikaona nafasi tano tupu. Niliinua pasi kutoka kwenye gauni, nikaiweka juu ya jiwe, nikahakikisha iko juu ya jiwe, nikaondoka. Kwa Ambalal walisema alishapita. Muuza maembe alionyesha upande wa kituo cha basi. Nilimkuta pale, kati ya magunia ya mchele wa Mwea, amepiga magoti na mama mmoja nisiyemjua, wakishona gunia lililopasuka. Alikuwa anashona kwa uzi wetu mweupe.

Watu wote wale wakanitazama. Nikasema, "Kumi na nane."

Aliinua macho. Niliona alivyorudi, kama ninavyorudi mimi nikisikia harufu. Alifunga fundo, akakata uzi kwa mkasi wa kiunoni, akamwambia yule mama, "Mengine utamalizia nyumbani," akainuka. Tulipofika alikaa, na goti lilicheza, na cherehani ililia hadi saa kumi na moja.

La mwisho lilitundikwa Jumamosi saa nane mchana.

Jumapili wale wanawake walipita mbele ya duka wakielekea kanisani, Kabura mbele. Ishirini na wawili. Upepo wa mlimani ulikuwa unavuma, magauni yakainuka na kushuka pamoja, na pindo zote zilikuwa mstari mmoja kama umechorwa kwa rula. Mama Kanchan alikuwa ametoka na sari yake ya nyumbani kutazama. Alihesabu kwa kidole mpaka wa mwisho. Kisha akamgeukia jirani yake na kusema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara, "Naona? Ile fundi yangu."

Kabura aliporudi kutoka ibada alisimama verandani, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya Ngendo, akaigeuza huku na huku. "Ya pande mbili," alisema, na akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

Ngendo alikaa pale miaka mitano zaidi. Murugi alimaliza shule, akawa muuguzi. Kisha Ngendo alirudi Endarasha na kufungua nyumba yake ya ushonaji, cherehani nne, waya mmoja ukutani, sanduku moja lenye kufuli. Alichukua wasichana waliofukuzwa na mafundi wengine. Alikuwa akimtazama msichana siku mbili tu, kisha anasema, "Huyu ni wangu," au, "Huyu ni wa Mutahi," na kumpa sanduku la kufungia kazi au kengele ya kuirudisha akili.

Mimi nami nilifungua duka langu la kufua na kupiga pasi. Liko bado.

Alinitembelea hapo dukani mara ya mwisho mwaka wa 1993, miezi michache kabla ya moyo kumchukua. Alikunywa chai, akazungumza bila kupumua, akaaga, akatoka. Akarudi kuchukua mwavuli. Akatoka tena, nami nikabaki nikimtazama kupitia mlangoni, akishuka barabara, akisalimia kila mtu. Nikamwona anasimama, anageuka, anarudi mara ya tatu. Nilitazama kiti, nikaona hakuacha kitu. Alifika mlangoni, hakuingia. Alitazama meza iliyokuwa nyuma yangu, kisha akanitazama mimi.

"Mutahi," alisema, "pasi."