Swafia Hupanda Paa, Yakub Huangalia Picha

Saa tatu asubuhi, Swafia Mukoya yuko juu ya paa la bati karibu na soko la Shianda, spana mkononi. Anaizungusha antena polepole. Ndani ya nyumba, mumewe Yakub ameketi mbele ya runinga.

"Bado kuna chenga," Yakub anaita kupitia dirisha. "Zimepungua. Rudi kidogo. Hapo, Mama Asiya, funga."

Swafia, 41, anakaza nati na kushuka.

Zamani aliyepanda alikuwa Yakub. Mwaka 1993 aliteleza kwenye paa huko Matungu, akavunjika nyonga. Aliporudi nyumbani kwa mikongojo, mkewe alimwuliza vifaa viko wapi.

"Watu walicheka," Swafia anakumbuka. "Nikavaa suruali ndani ya buibui, nikapanda. Watoto walikuwa wanataka kula."

Waligawana kazi kwa sababu antena ya kawaida haifichi udhaifu. Mawimbi yakiwa hafifu, picha hujaa chenga na sauti hukwaruza. Yakiongezeka, picha husafika kidogo kidogo. Yakub alizisoma chenga hizo, naye Swafia akafuata sauti yake.

Mwaka jana, kabla ya Kombe la Dunia, mwenye hoteli aitwaye Khisa alinunua dishi la dijitali, akawaita walifunge. Swafia alilisogeza huku na huku, skrini ikiwa nyeusi tupu. Ghafla picha ikaja, safi kabisa.

"Nilimwambia afunge," anasema Yakub. "Sikuona kitu cha kurekebisha."

Jioni ya mechi ya kwanza mvua ilinyesha. Picha ikakatika vipandevipande, ikaganda, kisha ikatoweka. Wateja walirudia antena ya zamani. Ilikuwa na chenga tele, lakini mpira ulionekana.

Khisa alikasirika. "Kesho nitatafuta fundi wa Kisumu," aliwaambia.

Yakub hakula usiku huo. "Nilimwambia Mama Asiya, macho yangu hayana kazi tena. Huyu dijitali ni kuonyesha yote ama kunyamaza."

"Nilimjibu, twende tukaombe siku moja," anasema Swafia.

Khisa alikubali shingo upande. Yakub alichukua rimoti, akafungua kwenye skrini kurasa za kisanduku cha dishi, moja baada ya nyingine, mpaka akafikia iliyoonyesha nguvu ya mawimbi kwa mstari. Mstari ulikuwa mfupi. Picha ilikuwa safi, lakini mawimbi yalitosha kwa shida. Mvua ikiyapunguza kidogo tu, picha yote ilipotea.

"Sukuma kushoto," Yakub aliita. "Imepanda. Pole pole. Imeshuka, rudi."

Swafia alisogeza dishi kiasi cha upana wa ukucha. Mstari ukarefuka.

Jioni mvua ilirudi. Wawili hao walisimama mlangoni mwa hoteli, hawakuthubutu kuketi. Picha ilitikisika mara moja, ikatulia hadi mechi ikaisha. Khisa aliwaletea chai mwenyewe, na jina la fundi wa Kisumu halikutajwa tena.

Tangu hapo wamefunga madishi hadi Mumias na Likuyani. Sasa wanaweka akiba wanunue runinga ndogo ya betri, ya kubeba.

"Hapo Baba Asiya atatoka ndani, akae chini ya ngazi," anasema Swafia. "Miaka hii yote nimekuwa nikiskianga sauti yake tu. Nataka nikiwa juu nimwone."