Silinda iliyobishana na karatasi

Saa kumi na moja alfajiri, katika chumba kimoja cha mtaa wa Bankoko mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, kitu kinasugua gizani. Kinasita kidogo, kinasugua tena. Ni mswaki wa meno, lakini hakuna anayesafisha meno.

Nadège, mwenye umri wa miaka 26, ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, beseni la maji ya sabuni miguuni pake. Anasafisha silinda mbili za pikipiki. Nyuma ya pazia binti yake Falone, wa miaka minne, bado amelala.

"Nikisugua na nguvu ataamuka, na akiamuka atataka mswaki wake," ananong'ona huku akicheka. "Ju huu ni wake."

Kunapopambazuka anazifuta silinda, anazipaka oili zisishike kutu, na kuzifunga kwenye kitenge. Leo Jumamosi ni lazima pikipiki iwake.

Ni Yamaha RD, pikipiki ya mbio ya Kijapani ya miaka ya sabini. Ni ya deux temps, yaani injini yake hunywa petroli pamoja na oili, na kwa kuwa pampu yake ya oili ilikufa zamani, huchanganywa kwa mkono. Pikipiki za abiria zilizojaa Bunia leo hazihitaji mchanganyiko huo, na vijana wengi hawajui kwamba uliwahi kuwapo.

Ndivyo ilivyoharibika. Mwenye nayo ni Papa Michel, muuguzi mstaafu aliyezunguka nayo akichanja watoto hadi Bogoro. Mwaka jana mpwa wake aliiazima, akajaza petroli tupu kwa Kadhafi, kama wanavyoitwa hapa wauzaji wa petroli wa kando ya barabara. Hakufika mbali. Injini ilikauka, pistoni zikakwama.

Papa Michel aliisukuma hadi garaje ya Constant, ambako Nadège alikuwa anaosha vyuma na kuziba mipira ya magurudumu iliyotoboka. Kazi hiyo ilimpa kama faranga elfu sita kwa siku, na siku ya mvua hakuna kitu. Alifika Bunia miaka sita iliyopita, akikimbia vita huko Kilo, na tangu wakati huo anasoma masomo ya jioni.

Constant alisoma kadi ya pikipiki, carte rose: RD 350, namba inayotaja ukubwa wa injini. Akaagiza pistoni za 350 Kampala, zikaja kupitia Aru. Zikakataa kuingia, zilikuwa nene mno. Akawalaumu wauzaji, akaagiza nyingine. Zikaja zilezile.

"Nikasema hii moto, hii pikipiki, iko na ulozi," Constant anakiri. "Nikaitupa kule nyuma, kwa kuku."

Kule nyuma ndiko Nadège anakooshea vyuma. Siku moja aliazima kwa mwalimu wake wa hesabu kile kipimo cha chuma chenye meno mawili, akapima upana wa silinda. Milimita hamsini na nne. Pistoni mpya ilikuwa na sitini na nne.

"Papa Constant, hii si 350," akamwambia. "Hii iko 250."

"Karatasi inasema 350. Weye unabishana na Serikali?"

"Serikali haikuingia ndani ya silinda, Papa."

Walipomwita Papa Michel, alijishika kichwa. Padri aliyemuuzia pikipiki hiyo, zamani huko Mahagi, alikuwa na RD mbili, moja ya 250 na moja ya 350. Kwa nje, injini zao zinafanana kama mapacha. Ile ya 350 ilipochoka, padri aliifungia silinda za mwenzake. Karatasi haikuambiwa.

Ndipo Constant alipoweka sharti mbele ya watu wote. Pistoni za 250 zikifika, Nadège ataifunga mwenyewe. "Ikiwaka, Jumatatu unakamata meza ya pale mbele, na wateja wako. Isipowaka, unarudilia mipira yako, na hatuongee tena mambo ya ufundi."

Pistoni zilifika Alhamisi.

Saa nne asubuhi hii, madereva wa pikipiki za abiria wamesimama mlangoni kama watu waliolipa kiingilio. Nadège, Falone akiwa amesimama nyuma yake, anakaza boliti ya mwisho, anamimina mchanganyiko wake, robo lita ya oili kwa lita tano za petroli, na kupiga kiki.

Kimya.

"Mama Falone, umupigie dokta!" anamtania mmoja.

Anapiga tena. Injini inakohoa, inazima. Vicheko. Constant anatazama chini, anachezea funguo zake. Nadège anazifungua bugi mbili, zile plagi za cheche, anaona zimelowa, anazifuta kwa ncha ya kitenge, anazirudisha.

Kiki ya tano ndiyo inayojibu. Moshi wa buluu unafunika mlango mzima, madereva wanarudi nyuma wakikohoa, na sauti kali, ya juu, kama ya msumeno, inajaza barabara. Papa Michel anavua kofia.

Constant anakwenda kwenye meza ya mbele, anachukua sanduku lake la spana na kulihamishia upande wa pili. Kisha anapitisha kitambaa juu ya mbao.

"Mbele ya saa hii nilikuwa naitwa 'yule wa mipira'," Nadège anasema, akifuta oili mikononi. "Sasa nataka kutengeneza ingine. Papa Michel anasema iko RD ya maji kule Aru, ile inapozwa na maji, iliyokuja nyuma ya hii, imekufa kwa mtu wa forodha. Nitaenda kuiona. Na nataka wasichana wawili wa masomo ya jioni waje kujifunza hapa. Lakini si kuosha. Kupima."

Papa Michel amekwishapanda, anaingurumisha injini kama kijana.

"Nifike Bogoro namna hii moja kwa moja!"

"Hapana, Papa," Nadège anamwambia. "Pistoni ni mpya. Wiki mbili hakuna mbio."

Mzee anamgeukia Constant, kama anayetafuta mtu wa kumruhusu. Constant ananyoosha kidole kwa Nadège. Lakini Falone, aliyekuwa ameziba masikio nyuma ya mama yake, amekwishasogea mbele ya taa ya pikipiki, anamwita mzee kama babu yake.

"Koko, uende polepole."