Kivuko Kinapitika Majira Yote

Jamani, sura yangu nitaipeleka wapi? Kazi yangu ofisini, hapa Mpanda, ni kumwandikia mkurugenzi majibu ya maswali ya madiwani. Juzi diwani mmoja, mama asiyetaniwa, aliuliza kwa maandishi kivuko cha kata yake kitatengenezwa lini. Kwenda kukiona, uvivu. Nikachukua jibu la mwaka jana, nikabadilisha tarehe tu: “Kivuko kinapitika majira yote.”

Siku ya baraza nikachelewa. Mkurugenzi akanipigia simu: “Uko wapi wewe? Lete faili, huyu mama lazima aulize la nyongeza!” Nikamwambia bodaboda akate njia ya kule kivukoni.

“Bosi, kule hapapitiki.”

“Ndugu yangu, unabishana na serikali? Twende!”

Tulikuta nguzo mbili na maji. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia na faili kichwani. Katikati nikateleza. Faili lilipona, mimi sikupona.

Nilisukuma mlango wa ukumbi wakati mkurugenzi anasoma kwa kujiamini, “…kinapitika majira yote.” Ukumbi mzima ukageuka. Nilikuwa nimeshika viatu mkononi, tope hadi kifuani, maji yakinichuruzika sakafuni.

Mama diwani akanitazama kuanzia unyayo hadi utosi, kisha akasimama taratibu.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, nina swali moja dogo la nyongeza. Huyu mtaalamu wetu amepita wapi?”