Siku Kakakuona Alipokunywa Maji

Tangu nilipomaliza chuo, Jumamosi zangu zimekuwa za kutembea. Ninaishi Sinza kwa dada yangu, mahali ambapo ndege pekee anayeonekana bila kutafutwa ni kunguru, na anayetaka kuona kiumbe mwingine hana budi kutoka. Nimekwenda Kunduchi maji yakiwa yametoka, nikasimama kwenye tope la mikoko kuwatazama kulastara wakidonoa vidagaa karibu na kelele za wauza samaki. Nimekaa nje ya kiwanda kilichofungwa Mikocheni, jua likizama, nikimsubiri komba atokeze kichwa kwenye tundu la mti. Lakini nilikopenda kuliko kote ni ukingo wa msitu, kule mwisho wa Kinondoni, ambako viwanja vipya vinalimega pori kidogo kidogo, nyumba isiyo na bati hapa, msingi uliochimbwa kule.

Huko, mtu mwenye darubini shingoni hachukuliwi kuwa mtazama ndege. Huchukuliwa kuwa dalali wa viwanja.

"Dalali wangu, kile cha kona kimeshapata mtu?" Mama mmoja mpika vitumbua alikuwa akiniuliza hivyo kila nilipopita mbele ya jiko lake. Siku niliyomweleza kwamba natazama ndege alicheka mpaka akaweka upawa chini. "Ndege! Wazazi wako wamelipa ada yote ile ili uje kutazama ndege?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Ukimwona kuku wangu mwekundu huko, mrudishe."

Nilimpenda mama yule, na niliupenda mtaa ule. Walikuwa watu waliotoka pande nyingi: walimu na makarani waliohamia kutoka bara na kununua kiwanja kabla hawajanunua tofali, pamoja na wenyeji wa pwani waliokuwapo kabla ya barabara. Wote walikuwa na vishamba vya mahindi na mihogo pembeni mwa nyumba zao, na mwaka huo wote walikuwa wakitazama mbinguni. Vuli ilikuwa imepita bila mvua ya maana. Visima vilikuwa vimekauka, na maji yalinunuliwa kwa madumu.

Asubuhi ninayoikumbuka, mama hakuwa kwenye jiko lake. Jiko lilikuwa linafuka moshi peke yake, na watu walikuwa wakipita haraka kuelekea ofisi ya serikali ya mtaa, wanawake wakifunga khanga zao njiani. Nilimuuliza fundi mmoja wa ujenzi, mwenye saruji hadi kwenye nyusi, kulikoni.

"Kakakuona!" alisema. "Tumemkuta kwenye mtaro wa msingi. Mie mwenyewe ndo nimembeba!"

Sijui niieleze vipi furaha iliyonipata, na hofu iliyofuata nyuma yake. Chuoni nilikuwa nimesoma kuhusu kakakuona mpaka nikaijua michoro yake kwa moyo. Nilijua kwamba anatembea kwa miguu ya nyuma huku ya mbele ameikunja kifuani, kwamba hana meno, kwamba anaishi kwa mchwa na sisimizi, kwamba anawindwa kwa ajili ya magamba yake mpaka amekuwa adimu mno. Nilijua pia kwamba ni mwoga kiasi kwamba hofu peke yake inaweza kumuua. Sikuwa nimewahi kumwona. Nilikimbia.

Walikuwa wamemlaza katikati ya uwanja wa ofisi, juu ya mfuko wa saruji uliochanwa na kutandazwa, na jua lilikuwa limeshapanda. Alikuwa amejikunja akawa tufe la magamba ya rangi ya udongo mkavu. Watu walimzunguka wakiwa wameacha nafasi kubwa, kwa adabu ya watu walio msibani au harusini. Hapakuwa na mtu aliyemgusa kwa fimbo. Hapakuwa na aliyemtupia jiwe. Mtoto aliyeinua sauti alivutwa sikio.

Nasema haya kwa sababu ninaposimulia kisa hiki kwa wenzangu tuliosoma nao, huwa wananiuliza ni nani aliyemdhuru yule mnyama, na jibu langu haliwaridhishi. Walimpenda. Walimpokea kama mgeni aliyetumwa kwao.

Mbele yake waliweka vitu, kama desturi inavyotaka. Bakuli la maji, kwa ajili ya mvua. Sinia la unga alilolitoa mwenye duka, mzee wa Kiarabu aliyezaliwa kwenye duka lile lile la baba yake, kwa ajili ya mavuno. Na panga, kwa ajili ya vita na misukosuko. Kitu atakachokiendea kakakuona ndicho mwaka utakachokileta. Mwenyekiti wa mtaa, mzee mtaratibu mwenye baraghashia safi, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na vitu hivyo kuhakikisha hakuna anayevisogeza.

Nilimpigia simu ofisa wa wanyamapori ambaye namba yake niliipata nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Alinisikiliza vizuri. Alisema gari lao liko upande wa Temeke kwa sababu ya chatu aliyeingia kwenye karakana, na wakimaliza watakuja moja kwa moja.

"Naomba nimsogeze kivulini," nilimwambia.

"Hapana, dada. Usimguse. Yule ni nyara ya serikali. Ukimshika bila kibali na mtu akakupiga picha, siwezi kukutetea. Waombe wao wamweke kivulini. Sisi tunakuja."

Nilimwendea mwenyekiti. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuona baraka?"

Nilimweleza taratibu. Nilimwambia kwamba mnyama huyu ni wa usiku, kwamba jua hili linamchoma, na kwamba tukimwingiza ofisini, kwenye sakafu ya baridi, atakaa salama mpaka gari lifike. Alinisikiliza akitikisa kichwa kwa kukubali, kisha akaniinamia.

"Mwanangu, unayosema ni kweli. Lakini miaka ya nyuma, mtaa wa pili walimpata kama huyu, mwenyekiti wao akamfungia ndani. Watu wakasema amechungulia ubashiri peke yake, amewaficha vita. Mpaka leo hawamsikilizi. Mie nikimwingiza ndani, nani ataniamini?"

Chuoni walitufundisha kushirikisha jamii. Hawakutufundisha la kufanya pale ambapo jamii imeshashiriki yote, kwa moyo mmoja.

Wakati huo tufe lilianza kufunguka. Kilitokea kwanza kipua kirefu, kikinusa hewa, kisha jicho dogo lenye ukungu. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akayumba, na kwa mwendo ule ambao nilikuwa nimeuona kwenye michoro tu, kama mtu mzima anayewaza jambo na mikono ameikusanya kifuani, alikwenda moja kwa moja kwenye bakuli. Akakunywa.

Vigelegele vilivyopigwa siwezi kuvisahau. Mama wa vitumbua alinikumbatia, machozi yakimtoka. "Mvua! Dalali wangu, umeona? Mvua hiyo!"

"Ana kiu, mama," nilisema. "Amekaa juani."

"Ndiyo!" alinijibu kwa furaha. "Na sie tuna kiu. Amejuaje?"

Kisha mwenyekiti aliinuka, akalichukua bakuli na kuliweka kando, kwenye baraza.

Nilipiga kelele kabla sijafikiri. Wote waligeuka. Mwenye duka alinieleza kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mgeni: kilichokwisha kuchaguliwa huondolewa, ili mnyama aseme na mengine. Maji yakibaki, ataendelea kusema mvua tu, na wao watajuaje habari za shibe na amani?

"Lakini hakumaliza kunywa, mzee wangu."

"Amesema, binti. Tumemsikia."

Sauti moja ikatoka nyuma: "Mwacheni sista aongee! Si kasoma mambo ya wanyama?" Watu wakakubali, wakanifungulia njia. Mwenyekiti mwenyewe alinipigia makofi ya kunikaribisha. Basi nikaongea. Nilisimama pale nikatoa yote niliyokuwa nayo: hatari inayomkabili mnyama huyu, sheria zinazomlinda, chakula chake, udhaifu wa moyo wake, hitaji la kivuli na maji. Niliongea vizuri. Nakumbuka niliona fahari kidogo kwa jinsi sentensi zilivyokaa. Walinisikiliza mpaka mwisho, wakanipigia makofi kwa nguvu.

"Sista kaongea madini!" alisema yule fundi.

"Ndo faida ya shule hiyo," alisema mwingine.

Halafu wakageuka wakaendelea kumtazama kakakuona, aliyekuwa amejikunja tena, safari hii nje ya mfuko, juu ya mchanga.

Nilifanya kilichobaki. Nilisogea na kusimama mahali ambapo kivuli changu kingemwangukia. Mwanzo hawakujali. Baadaye wakaanza: "Sista, sogea basi, sie wa nyuma hatuoni." "We dalali, kiwanja hicho hakiuzwi!" Wakacheka, nami nikatabasamu kwa sababu kicheko chao hakikuwa na ubaya, nikasogea, kisha nikarudi tena kimya kimya. Mama wa vitumbua aliyaona mahangaiko yangu, akavua khanga ya mabegani na kuninyooshea. "Haya, mfunike mtoto wako huyo, bila kumgusa." Lakini kabla sijaitandaza, wanawake wawili walishtuka. Kufunika ni sanda, walisema, na mwaka ungefunguliwa kwa msiba. Mama aliirudisha khanga yake mabegani bila kunitazama.

Nilimpigia tena ofisa. Chatu alikuwa ameshakamatwa, na gari lilikuwa kwenye foleni.

Sitasema nilisimama pale kwa muda gani. Kivuli changu kilizidi kufupika mpaka kikawa hakimfikii mtu wala mnyama. Nilikuwa nikiyatazama magamba yake yalivyopanda na kushuka kwa pumzi. Na nilijua, kwa ujuzi ambao nilikuwa nimeulipia kwa miaka ya maisha yangu, maana ya pumzi zile kuachana mbali namna ile.

Kisha tufe likafunguka tena. Safari hii kipua hakikunusa. Mwili ulijiachia polepole, kama ngumi ya mtu anayepitiwa na usingizi, na mkia ule mpana ukajinyoosha juu ya mchanga mpaka ncha yake ikagusa sinia la unga.

"Shibe!" alipiga kelele mwenye duka, mikono juu. Vigelegele vikapaa upya. Watu wakakumbatiana, Wakristo na Waislamu, wa bara na wa pwani. Mvua na shibe, na panga halikuguswa. Fundi alirukaruka kama mtu aliyefunga goli.

Nilipiga magoti karibu na kiti cha mwenyekiti. "Mzee, amekufa."

Hakugeuka kunitazama. Macho yake yalikuwa juu ya watu wake. Nilidhani hakunisikia, nikataka kurudia, akanishika mkono na kuubana kwa nguvu nisiyoitarajia kwa mzee.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Akifia mikononi mwetu ni nuksi. Unalijua hilo? Hawa watu wamekopa mbegu. Yule mama unayemwona anacheka pale, mumewe mgonjwa, amelala ndani mwaka wa pili." Aliuachia mkono wangu. "Heri ningemwingiza ndani. Mungu anisamehe, ningemwingiza. Lakini sasa, mwanangu, utawaambia nini? Kwamba wamemuua?"

Nilitazama uwanja ule. Nilitaka kusema ndiyo. Niliamini, na bado naamini, kwamba watu wana haki ya kuujua ukweli, na kwamba kakakuona mwingine atakayepatikana kwenye mtaro mwingine ataishi tu ikiwa hawa wataujua. Lakini nilikuwa nimeshawaambia ukweli asubuhi nzima, nao walikuwa wameupigia makofi. Nilibaki nimepiga magoti pale pale. Mwenyekiti aliinuka, akatangaza kwamba mgeni amemaliza kusema, amechoka, na watu warudi nyuma wampe nafasi apumzike. Wakarudi nyuma mara moja. Ndivyo ilivyokuwa rahisi.

Gari lilifika likiwa limejaa vumbi. Ofisa alikuwa kijana, hakunizidi sana umri. Alivaa glavu, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimsalimia kwa furaha, akachuchumaa. Nilimwona akiweka vidole chini ya shingo, akisubiri. Aliinua macho yake yakakutana na yangu, kisha yakaenda kwa mwenyekiti, kisha kwa watu. Alimwinua kwa mikono miwili, kwa uangalifu kana kwamba angeweza kumwamsha, akamwingiza kwenye kreti la mbao.

"Panda," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nitahitaji shahidi wa maelezo."

Nilipanda nyuma, nikakaa kando ya kreti. Kupitia mbao zake niliyaona magamba, na kati yake ngozi laini ya tumbo, ambayo mnyama huyu akiwa hai hamwonyeshi mtu.

Gari lilipoanza kuondoka, watu walilifuata hadi barabarani. Walikuwa wakiimba. Mama wa vitumbua alikimbia pembeni yetu, khanga mkononi, akihema na kucheka.

"Mfikishe salama, mwanangu! Mwambie aje tena na mwakani!"

Watoto walikuwa wakipunga mikono. Nami niliinua wangu, nikawapungia mpaka vumbi likatutenganisha.